Kumpa wakili kazi ya kusajili kampuni Uganda
Kabla ya kulipa chochote, mwombe wakili akuonyeshe leseni yake ya uwakili ya mwaka huu; hutolewa upya kila mwaka, ya mwaka jana haitoshi. Mpe majina matatu ya kampuni, kwani la kwanza huenda likafanana na lililokwisha kusajiliwa URSB, ofisi ya serikali inayosajili kampuni. Jina likikubaliwa hushikiliwa siku 30, hivyo vitambulisho, anwani na mgawanyo wa hisa viwe tayari.

Hapo kwenye hisa ndipo ndugu hugombana. Usikubali katiba ya kampuni, yaani kanuni zake za ndani, iliyonakiliwa kutoka kwa kampuni nyingine! Iseme nani anaweza kuuza hisa zake, kwa nani, na mwenye hisa akifariki itakuwaje.

Ada ya wakili na ada za serikali ziandikwe kando kando, na risiti za serikali uzidai.