Waya wa taipu-C: usidanganywe na mdomo wake

Nachajisha simu za watu Birere, hapa Goma, kwenye kibanda cha mbao. Zamani ubao wangu ulining'inia waya kama matumbo ya mbuzi: pini nyembamba ya Nokia, ile nene ya Nokia za kale, mikro-USB, na waya wa iPhone, ambao ndio ulioibwa kuliko yote. Siku hizi simu nyingi ninazoletewa ni za taipu-C, lile tundu dogo lenye kona za mviringo ambalo waya huingia upande wowote.

Umoja wa Ulaya uliamua kwamba kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 kila simu mpya inayouzwa kwao iwe na tundu hilo. Apple walikuwa wamelalamika kwamba sheria ya hivyo itaua ubunifu, halafu mwaka 2023 wakatoa iPhone 15 yenye taipu-C, na hakuna aliyekufa. Sheria ya Ulaya haina nguvu Goma, ila simu zake zinatufikia. Ukiniuliza kama watengenezaji wote wafuate, nasema ndiyo, na wamechelewa. Lakini walichofananisha ni mdomo tu. Tumbo la waya kila mmoja analijaza anavyotaka, na hapo ndipo pesa yako inapopotelea.

Kabla ya kununua waya mpya, angalia tundu. Vumbi letu jeusi la volkano likichanganyika na nyuzi za mfukoni linashindiliwa humo mpaka linakuwa gumu kama ukoko wa ugali. Chomeka waya: usiposikia "tak", na ukiachia unalegea, kuna uchafu. Zima simu, chonga kijiti cha meno kiwe chembamba, mulika tochi, kisha kwangua ukutani mwa tundu taratibu. Usiguse ulimi ulio katikati, ndio wenye vituo vya umeme. Sindano usiitumie kabisa. Ulimi ukivunjika, shukuru kama simu yako ni ya aina ambayo tundu limekaa kwenye kibao kidogo cha chini. Fundi atabadilisha kibao hicho peke yake.

Tundu likiwa safi, jaribu waya pale pale dukani. Muuzaji akikataa, ondoka. Nenda na simu yenye chaji kama asilimia 30, na kichwa chako mwenyewe cha chaja. Ichaji dakika kumi kwa waya wako wa zamani unaouamini, usome asilimia zilizopanda, halafu dakika kumi kwa huo mpya. Shika ncha zote mbili: joto kidogo ni kawaida, lakini ncha ikikuchoma vidole, rudisha. Uzito pia unasema. Waya mnene mwepesi kama uzi wa kusukia mara nyingi ni plastiki, shaba ni kidogo.

Kwenye kichwa, soma maandishi madogo upande wa "output". Volti zidisha kwa ampea: 5 mara 2 ni wati 10, na 9 mara 2 ni wati 18. Kichwa cha kampuni nyingine hakiui simu yako; kinaweza tu kuichaji polepole, kwa sababu kampuni kadhaa zina njia zao za chaji ya haraka zinazotaka kichwa chao na wakati mwingine waya wao.

Sasa lile linalonigombanisha na wateja. Kijana mmoja wa pikipiki aliniletea taa ya kuchaji, mpya, tundu taipu-C.

"Mama, hii taa ilikufa tangu dukani."

"Umeichajia na nini?"

Akatoa kichwa na waya wa simu yake, taipu-C huku na huku. Nikachukua waya wangu wa zamani, wenye USB bapa upande mmoja (ile pana ya mstatili), nikauchomeka kwenye kichwa changu chenye tundu la hivyo. Taa ikawaka nyekundu. Alinitazama kama mchawi.

Siri yake ni hii. Kichwa chenye tundu la taipu-C hakiachii umeme mpaka kihisi kizuizi kidogo cha umeme (rezista) ndani ya kifaa kinachochajiwa. Watengenezaji wa taa na redio za bei rahisi hukiacha ili kubana senti. USB bapa haiulizi kitu, inatoa volti 5 zake muda wote. Kwa hiyo usitupe waya wenye USB bapa, wala kichwa chake, na kifaa kikigoma, jaribu huo kwanza kabla ya kurudi dukani kupiga kelele.

Mimi waya niliokwisha kuujaribu naupaka rangi ya kucha: nyekundu kwa wa haraka, nyeupe kwa wa taa na redio. Na ule wa iPhone bado upo, maana iPhone 11 na 12 zimejaa mjini. Nimeufunga kwa kamba kwenye msumari.