Kabla hujamshusha mgeni kwenye treni za chini London

Wageni wangu wote hufika London na ramani ya treni kwenye simu, na wote huanza na kosa moja: wanapima umbali kwa macho. Ramani ile haipimiki. Harry Beck, aliyekuwa mchoraji wa michoro ya kihandisi, aliinyoosha mistari yake, na ikachapishwa 1933. Katikati ya jiji, ambako vituo vimebanana, alipatanua, pembezoni akapafinya. Tangu hapo watu wanapanda treni kwenda mahali ambako wangefika kwa miguu kabla ya kumaliza pakiti ya karanga.

Kwa hiyo ukiwa katikati, fungua ramani ya mitaa kwanza. Vituo vya Bayswater na Queensway ni dakika mbili tatu kwa miguu. Kwa treni utatoka Bayswater hadi Notting Hill Gate, ubadilishe, kisha urudi ulikotoka. Embankment na Charing Cross nazo ni kupandisha mtaa mmoja tu. Vilisongamana hivyo kwa sababu njia za mwanzo zilichimbwa na kampuni mbalimbali zilizogombea abiria, kila moja ikiweka kituo chake. Bayswater ni cha 1868, Queensway cha 1900, na hakuna aliyemwuliza jirani.

Kadi ya nauli, ile unayoigusisha getini ukiingia na ukitoka: kila mtu na yake. Aliyeingia kwa simu atoke kwa simu hiyo hiyo. Akiingia kwa simu akatoka kwa kadi ya benki, hata kama akaunti ni moja, mfumo unahesabu safari mbili zisizokamilika na nauli yake itakuuma.

Ngazi za umeme: simama kulia.

Saa: usitoke na mgeni kati ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu asubuhi. Hata uwe na haraka gani.

Kubadilisha treni ndiko kunakowadanganya wengi. Kwenye ramani vituo vya Bank na Monument vimeunganishwa kwa kistari kifupi kama kope. Chini huko ni korido, ngazi na korido tena. Green Park ni vivyo hivyo, unatembea mpaka unajiuliza kama umeshatoka jijini. Mwenye magoti mabovu mtafutie alama ya kiti cha magurudumu. Ya bluu maana yake hakuna ngazi kutoka barabarani mpaka ndani ya treni. Nyeupe inakufikisha jukwaani tu. Na kituo kuwa na lifti si hoja. Covent Garden kina lifti, lakini kati ya lifti na jukwaa bado kuna vidato.

Covent Garden ndiko nilikofunzwa adabu. Mwaka huo mama alikuja kutoka Tanga. Tulikuwa Leicester Square, tunakwenda kituo kinachofuata tu. Ni mita 260, umbali mfupi kuliko wote kati ya vituo viwili vinavyofuatana kwenye mtandao huu, na mimi mwenyeji nisiye na akili nikaona tupande treni. "Ni hapo tu, mama." Jukwaa lilijaa. Nikatangulia kuingia nimshikie nafasi, nikageuka kumpa mkono, milango ikafunga. Nilimwona kupitia kioo, mkoba kifuani, ananipungia kama anayesindikiza msafiri.

Hata dakika haikuisha nikawa Covent Garden. Nikakimbilia jukwaa la pili, nikarudi. Leicester Square, mama hayupo. Kumbe naye alishakata shauri: mtoto kaenda mbele, nami nimfuate, si amesema ni hapo tu? Treni iliyofuata ilipokuja akapanda. Tulipishana gizani, kila mmoja anamkimbilia mwenzake. Simu zilikuwa bure, wakati huo chini hakukuwa na mtandao. Kama kituo kingekuwa mbali, woga ungemweka pale pale. Ukaribu ndio uliompa ujasiri.

Nikapanda tena. Jukwaani simkuti. Foleni ya lifti ilikuwa ndefu, na mama hapendi foleni. Pembeni kuna ngazi za kuzunguka, na bango linaloonya kuwa vidato ni 193, sawa na jengo la ghorofa 15. Mama husoma Kiingereza akitaka. Siku hiyo hakutaka. Nilimkuta karibu na nusu ya njia, kakaa kidatoni, kavua viatu, watu wanamkwepa wakiomba radhi.

"Mwanangu, hivi tunatoka nje au tunapanda mnara?"

Tulimaliza vilivyobaki kumi kumi. Kurudi Leicester Square tulikwenda kwa miguu, taratibu, na hata hivyo dakika kumi hazikufika. Mama hakusema kitu mpaka jioni, alipompigia shangazi.

Sasa kanuni inasemwa nyumbani, kabla ya viatu, na mgeni anairudia kwa mdomo wake: aliyeachwa jukwaani habanduki, aliyechukuliwa na treni ndiye anayerudi. Watoto huishika haraka. Watu wazima ndio wa kusisitiziwa, maana treni za katikati hufuatana kwa dakika mbili tatu, na mtu mzima akiachwa huona aibu kusimama bure.

Mkiagana kukutana, taja mlango na jina la mtaa, usitaje kituo peke yake. Njia ya Elizabeth, iliyofunguliwa 2022, ina treni za mita 205, na majukwaa yake ni marefu hivi kwamba ukishuka Liverpool Street unaweza kutokea Moorgate, na ukishuka Farringdon ukatokea Barbican. Mmoja atasimama huku, mwingine kule, na wote wana haki.

Beba maji, hasa Julai kwenye njia za Central na Bakerloo, kule joto ni la Tanga bila upepo wa bahari. Vyoo ni vichache, ulizia kabla hujashuka. Simu iwe na chaji. Viatu vya visigino viache. Na kama mgeni wako ni wa kutangulia tangulia, mshike mkono, awe na umri wowote.