Ndege wa bluu wawili wanaochanganya watu: anza na utosi, shavu baadaye

Wengi wakiona hawa ndege wadogo wa bluu wanadonoa mbegu za nyasi chini, kitu cha kwanza wanatafuta wekundu shavuni, wakiukosa wanasema basi huyu ni yule mwingine. Hapo ndo mnapopotea jamani, maana wekundu anao dume tu, tena wa aina moja tu.

Uraeginthus bengalus tumwite Shavu Jekundu na Uraeginthus cyanocephalus tumwite Kofia ya Bluu. Wote wana kama sentimita 13, uso, kifua na mkia bluu, mgongo kahawia, ndo maana wanachanganya.

Sasa utosi. Dume wa Kofia kichwa chote bluu, kuanzia juu ya mdomo mpaka kisogoni, Shavu utosi wake ni kahawia inayoendelea moja kwa moja mpaka mgongoni. Shika darubini, subiri ainame kudonoa, utosi wote unakugeukia na unauona vizuri kabisa.

Majike ndo shughuli. Jike wa Shavu hana wekundu wowote, na wa Kofia bluu yake imepungua kichwani, kwahiyo hamia kwenye mdomo: wa Kofia ni pinki iliyokolea karibu iwe nyekundu, wa Shavu umefifia. Alafu mtafute mwenzake, mara nyingi wako wawili wawili, ukimpata dume umemaliza. Makinda mi nashauri uyaache mpaka uwaone wazazi.

Mazingira yanasaidia ila usiyategemee sana. Kofia ni wa nyika kavu yenye miiba, Ethiopia, Somalia, Kenya mpaka Tanzania, Shavu ameenea kuanzia Senegal na anaingia mpaka mashambani na bustanini, na kuna sehemu unawakuta wote wawili. Na ukiwa Tanzania au kusini mashariki mwa Kenya kuwa makini zaidi, kuna wa tatu, Uraeginthus angolensis, huyu hata dume hana wekundu na utosi wake kahawia, usikimbilie kuandika jike wa Shavu.

Kitu kingine, usiwatofautishe kwa ngoma, kushika unyasi mdomoni na kurukaruka kwenye tawi huku anaimba wote wanafanya. Ila ukibahatika kuiona itazame mpaka mwisho, mwaka 2015 watafiti waliwarekodi Kofia kwa kamera za kasi kubwa wakakuta miguu inapiga tawi haraka mno, macho yetu hayaioni kabisa, na jike anacheza sawasawa na dume.