Ndugu Anaposikia Sauti: Namna ya Kukaa Naye Nyumbani

Kwanza ondoa shaka ya malaria. Mtu aliyekuwa mzima akianza ghafla kuweweseka huku mwili unachemka, apelekwe akapimwe damu siku hiyohiyo. Hapa Kigoma malaria kali hudhaniwa ugonjwa wa akili. Maradhi yenyewe ya akili mara nyingi huja polepole: usingizi hupungua, mtu hujitenga, haogi, kisha anamjibu asiyeonekana.

Kwake sauti hizo si mawazo. Anazisikia kama unavyomsikia jirani nyuma ya ukuta, na nyingi humtukana. Ukimbishia, unakuwa mtu asiyemwamini. Ukimkubalia, hofu inazidi. Sema: "Kaka, mimi sizisikii, ila naona zinakuchosha. Zinasemaje?" Azungumze mtu mmoja, kwa maneno machache, redio ikiwa imezimwa. Akiwa peke yake ni kinyume: redio au kuimba taratibu huwasaidia wengi, hasa usiku nyumba inapotulia.

Muulize waziwazi kama zinamwamuru ajidhuru au adhuru mtu. Swali halimpi wazo hilo. Akikubali, asiachwe peke yake. Ondoeni panga, kamba na sumu za shambani, mwende hospitali leo. Msimfunge.

Dawa ndipo familia nyingi zinapokwama. Siku chache za mwanzo shingo inaweza kupinda, taya kukaza, macho kukwama yakitazama juu. Watu husema jini limepanda, wakakimbilia kwa mganga. Ni dawa hiyo. Kituoni hutulizwa haraka, na kipimo hurekebishwa. Kushindwa kukaa, miguu ikienda huku na huku, nako huweza kuwa dawa. Lakini homa kali, mwili kukakamaa na kuchanganyikiwa vikija pamoja ni hatari ya kifo: nendeni hata usiku wa manane.

Kama dawa yake ni sindano ya kila mwezi, iandikwe kwenye kalenda ya ukutani. Dawa ikiachwa, huenda kesho yake pasitokee kitu. Zinapita wiki, pengine miezi, wote wanaamini amepona, kisha sauti zinarudi na hakuna anayekumbuka dawa iliachwa lini.

Kama alikuwa mvuvi wa dagaa, asirudi haraka ziwani. Kukesha na taa huvunja usingizi, na usingizi ukivunjika maradhi huamka; tena dawa inayosinziza na mtumbwi havipatani. Mpeni kazi ya mchana mwaloni. Akiwa anameza klopromazini, mojawapo ya dawa za maradhi haya, avae kofia na mikono mirefu anapoanika dagaa, maana dawa hiyo huifanya ngozi iungue upesi juani.