Mpikie mtu wa Jumatano: kula vizuri ughaibuni mfuko ukiwa umebana

Kwa wengi wetu tunaoishi ughaibuni, pesa ya chakula hupotelea usiku wa katikati ya wiki kuliko inavyopotelea dukani. Mtu ametoka zamu ndefu, miguu inauma, na jikoni hakuna kilicho tayari. Anapitia chakula cha kufungiwa njiani, na bei ya kifurushi kile kimoja ingemnunulia mchele na maharagwe ya siku kadhaa. Ukifanya hivyo mara tatu kwa wiki, hata ukihangaika vipi kutafuta kitunguu cha bei ya chini, hesabu haitakaa sawa.

Kwa hiyo naanzia jikoni. Siku yako ya mapumziko, mpikie yule mtu atakayerudi Jumatano akiwa hoi. Huyo ni wewe mwenyewe, na siku hiyo hatakuwa na nguvu za kumenya hata kiazi.

Chukua maharagwe makavu, kilo moja. Yakiiva yanafika karibu kilo mbili na nusu. Kopo la gramu 400 ukilimwaga maji linabaki na takriban gramu 240 tu, kwa hiyo mfuko mmoja wa makavu unakupa kama makopo kumi. Yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale, tia mapya, kisha yachemshe kwa moto mkali kwa nusu saa nzima kabla ya kupunguza moto yaive taratibu. Nusu saa hiyo usiiruke, hasa kwa maharagwe mekundu. Yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali, na yakipata joto la nusunusu yanaweza kudhuru kuliko hata yakiwa mabichi. Ndiyo maana zile sufuria za umeme za kupika polepole si mahali pa kutia maharagwe mekundu ambayo hayajachemshwa. Ukiwa na sufuria ya presha umeokoa muda na umeme pia, na huku ughaibuni bili ya umeme ni sehemu ya bei ya chakula, tusiisahau.

Yakishaiva usiyaunge yote. Yatie chumvi kidogo tu, yaache yapoe, yagawe kwenye mifuko ya kutosha mlo mmoja mmoja, uilaze iwe bapa kwenye friza ili igande haraka na isile nafasi. Maharagwe ambayo hayajaungwa yanaweza kugeuka chochote: leo mchuzi wa nyanya, kesho supu ya karoti na viazi, keshokutwa yamepondwa juu ya mkate. Jumatano ikifika, kaanga kitunguu mpaka kingo zake zianze kuwa za kahawia, tia kitunguu saumu na bizari, mimina nyanya za kopo, kisha vunjia humo lile bapa lililoganda. Ndani ya dakika kumi na tano linakuwa limeyeyuka na linatokota, nyumba nzima inanukia. Yule aliyepitia chakula cha kufungiwa huenda bado yuko kwenye foleni.

Asiye na subira ya kuloweka anunue adesi, zile dengu ndogo nyekundu zilizokobolewa. Hazilowekwi, na huiva kwa dakika kama ishirini.

Wali nao pika wa siku mbili, lakini kuwa mwangalifu. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukiachwa juu ya jiko wanazaliana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Utandaze kwenye sinia upoe upesi, uingie kwenye friji ndani ya saa moja, uliwe kesho yake. Unaobaki ugandishe mapema. Najua wengi tumelelewa tukila wali wa jana uliolala sufuriani bila friji, na wengi hatukuugua. Lakini ughaibuni, siku moja ya tumbo kuharibika mara nyingi ni siku moja bila malipo.

Sasa dukani. Usisome bei kubwa iliyoandikwa juu, soma ile ndogo ya kilo au lita. Katika nchi za Ulaya na Uingereza duka hulazimika kuionyesha kwa bidhaa nyingi, na mara nyingi ndiyo itakayokuonyesha kwamba pakiti ya "ofa" ni ghali kuliko ya kawaida iliyo rafu ya chini. Bidhaa zenye jina la duka lenyewe, hasa mchele, unga, nyanya za kopo na maharagwe, hazina sababu ya kuogopwa. Mboga zilizogandishwa pia hazina aibu yoyote. Huvunwa na kugandishwa upesi, hivyo virutubisho vyake hulingana na vya mboga mbichi, na hazikuozei kwenye droo. Kati ya mboga mbichi, kabichi na karoti ndizo rafiki wa kweli wa mwenye bajeti ndogo, kwa sababu zinakaa wiki kadhaa kwenye friji.

Tarehe za kwenye pakiti zinachanganya watu. Ulaya na Uingereza ziko za aina mbili. Moja ni ya usalama, huwekwa kwenye nyama mbichi, samaki na vitu vinavyoharibika upesi, na hiyo usiivuke. Nyingine ni ya ubora tu, na mchele au makopo yaliyoipita yanalika vizuri. Nyama iliyopunguzwa bei kwa kuwa tarehe yake ni leo inunue, ila ipike au uigandishe leo hiihii.

Kuhusu vyakula vya nyumbani vilivyosafirishwa kwa ndege, hapa najua nitapingwa. Moyo unavitaka, nami ninavitamani. Lakini vikiwa ndio mlo wa kila siku, vinakula kodi ya nyumba. Viwe vya wikendi, na siku nyingine upishi wetu uhamie kwenye mboga zinazolimwa hapohapo ulipo. Ladha ya nyumbani iko zaidi kwenye namna tunavyounga, na viungo kidogo vinakwenda mbali.

Nyama iwe ya kukoleza sufuria. Kuku mzima kwa kawaida ni nafuu kwa kilo kuliko vidari vilivyokatwa, na mifupa yake inatoa supu ya siku ya pili. Mayai na samaki wa kopo, kama dagaa wakubwa wa mafuta, ni protini ya bei nzuri na vina vitamini D. Hiyo vitamini tuiangalie sana sisi wenye ngozi nyeusi tunaoishi kwenye jua hafifu. Uingereza, kwa mfano, serikali inashauri watu wa asili ya Afrika wafikirie kumeza mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima. Chai nayo tuisogeze mbele, ikae kama saa moja baada ya kula, maana inazuia madini ya chuma ya maharagwe na mboga kuingia mwilini. Badala yake kamulia limau juu ya mboga, linasaidia chuma kuingia.

Kuna wanaopunguza sahani yao kwanza ili pesa ya kutuma nyumbani itimie, wanashindia chai na mkate. Tafadhali ndugu yangu, usifanye hivyo kimyakimya. Miji mingi ina vituo vya kugawa chakula, makanisa, misikiti na vyuo vinavyosaidia. Vingine vinataka barua kutoka kwa daktari au ofisi ya huduma za jamii, vingine unaingia tu. Vimewekwa kwa ajili ya mtu aliye katika hali yako wiki hii.

Na ukianza kugandisha, andika jina na tarehe kwenye kila mfuko kabla haujaingia kwenye friza. Vikishapata barafu, maharagwe na supu ya kuku hufanana kabisa.