Kabla Hujaituma Barua ya Kiingereza

Kiswahili kinapiga kila kitu. Tunapiga simu, picha, pasi, mswaki, deki na magoti, na tukifika kwa jirani tunapiga hodi. Mgeni akiuliza kwa nini kura ipigwe lakini kiapo kiliwe, hatuna la kumjibu zaidi ya kwamba ndivyo inavyosemwa. Kiingereza nacho kina yake. Kwa Mwingereza picha inachukuliwa, "take a photo", kura inatupwa, "cast a vote", uamuzi unatengenezwa, "make a decision", na usikivu unalipwa kama kodi, "pay attention". Ukimuuliza sababu atakujibu kama ulivyomjibu wewe.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipitia barua za watu: maombi ya kazi, maombi ya ufadhili wa masomo, insha za wanaojiandaa na IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Wengi huja na hofu moja, kwamba maneno yao ni mepesi mno. Wanataka niwabadilishie "help" iwe "facilitate". Sijaona barua iliyoharibiwa na neno jepesi. Nimeona nyingi zilizoharibiwa na kitenzi kizuri kilichoshikishwa kihusishi, kile kineno kama "on" au "for", kisicho chake. Vigezo vya IELTS vilivyo wazi kwa kila mtu vinalitaja jambo hili: kufikia alama ya 7 kwenye uandishi, moja ya yanayotazamwa ni kama mtahiniwa ana mwamko fulani wa namna maneno yanavyoandamana. Na mtihani wenyewe wa uandishi ni dakika 60 kwa maandishi mawili, moja lisilopungua maneno 150 na jingine 250. Humo hakuna nafasi ya kukaa ukiwaza kama ni "on" au "of". Hayo yamalizwe nyumbani.

Cha kwanza kuweka mezani ni kamusi, ila si ile ya Kiingereza kwa Kiswahili. Hiyo itakuambia "depend" ni tegemea, kisha ikuache njia panda. Tafuta kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza. Kamusi za aina hiyo zina historia inayotuhusu kuliko tunavyodhani, kwa kuwa mojawapo ya zilizofungua njia haikuanzia Uingereza. Harold Palmer na A. S. Hornby walikuwa wakifundisha Kiingereza Japani. Palmer alitoa ripoti yake juu ya maneno yanayoandamana mwaka 1933, na kamusi ya Hornby na wenzake ikachapwa Tokyo mwaka 1942, kabla Oxford haijaitoa upya mwaka 1948. Tatizo la wanafunzi wao ni lile lile la kwetu: mtu analijua neno, hajui linatembea na nani.

Ndiyo maana ndani ya kamusi hizo, ukifika kwenye "depend", utakuta "on" imeonyeshwa wazi pamoja nalo, na kando ya nomino kuna herufi C au U ya kukuambia kama inahesabika. Watu huziruka alama hizo wakikimbilia maana. Herufi U iliyo kando ya "advice", "information" na "equipment" ndiyo ingewazuia kuandika "advices" na "equipments", eti kwa sababu kwetu shauri lina wingi na kifaa kina vifaa.

Sasa chukua rasimu yako na kalamu nyekundu. Tafuta vitenzi hivi: "discuss", "request", "emphasise", "lack", "access", "visit", "answer", "contact". Vyote vinashika nomino moja kwa moja, mkono kwa mkono, bila kihusishi katikati. Lakini kila kimoja kina nomino pacha, na pacha huyo kwa kawaida hafiki kwenye nomino inayofuata mpaka asindikizwe. Tunaandika "we discussed the budget", ila "a discussion about the budget". Tunaandika "I request leave", ila "my request for leave". Ripoti "emphasises safety", lakini inaweka "emphasis on safety". Kijiji "lacks water", lakini tatizo lake ni "a lack of water". Umekwenda Arusha, "I visited Arusha", na safari hiyo ni "a visit to Arusha". Umeingia kwenye akaunti, "I accessed the account", kwa sababu ulikuwa na "access to the account".

Hapa ndipo barua zetu zinapojikwaa kuliko mahali pengine popote, na makosa yake yana mantiki. Mtu ameona "request for" iliyo halali kwenye nomino, akaihamishia kwenye kitenzi: "I request for leave". Wapo wanaosema Kiswahili ndicho kinachotuponza hapa. Siafiki. Kwa Kiswahili tunajadili bajeti, na hakuna "kuhusu" yoyote hapo katikati. "Discuss about" ni mtoto wa Kiingereza chenyewe, amezaliwa kwa kufananishwa na "talk about". Mimi niliiandika mara mbili kwenye ukurasa mmoja wa barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi, na aliyenishtua alikuwa kijana wa steshenari aliyekuwa akinichapia. Alisimamisha vidole akaniuliza, "Kaka, hii 'about' niiache?"

Kwa hiyo andaa daftari lenye safu mbili, kitenzi kushoto, nomino yake kulia, kila moja ndani ya sentensi fupi inayohusu maisha yako. Orodha ya maneno matupu haisaidii, utaisahau kabla ya Ijumaa.

Kuna mahali ambapo Kiswahili kweli kina hatia, na mshtakiwa ni "na". Tunasema inategemea na hali ya hewa, tunaandika "it depends with the weather". Tunasema ameolewa na mwalimu, tunaandika "she is married with a teacher". Tofauti na inakuwa "different with", sawa na inakuwa "similar with". Mwingereza anasema "depends on", "married to", "different from", "similar to". Dawa yake ni rahisi: fungua faili kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na F, andika "with", kisha isimamie kila moja na uiulize imetokana na "na" ipi. Baadhi zitapita salama, kama "agree with" na "deal with". "Cope with" nayo itapita, ilimradi hujaichomekea "up".

La kauli ya kutendea linataka utulivu zaidi, maana halionekani kwa macho. Kiswahili hukibebesha kitenzi mzigo ambao Kiingereza humpa kihusishi. Kiti cha kukalia, kalamu ya kuandikia, kisu cha kukatia: kile kiirabu kidogo kilichoingia ndani ya kukalia ndicho "on" ya "a chair to sit on", na ndicho "with" ya "a pen to write with". Kwa kuwa kwetu kazi imekwisha ndani ya kitenzi, tukifika kwenye Kiingereza mkia unaanguka na tunaandika "a pen to write". Ukikuta nomino inayofuatwa na "to" na kitenzi, irudishe kwenye Kiswahili. Ikitoka na kutendea, tazama kama mkia upo.

Mchezo huohuo hugeuka upande wa pili. Nieleze, nipendekezee, nifafanulie: mtu anakaa ndani ya kitenzi bila shida. Matokeo yake ni "explain me" na "suggest me a date", ambazo Kiingereza hakizikubali. Ni "explain it to me" na "suggest a date to me". Kinachokera ni kwamba "tell me", "show me" na "send me" zinakubalika kabisa. Kanuni fupi ya kuzitenganisha sina, nazo ni za kuingia daftarini moja moja.

Mahali na wakati usipoteze navyo usiku mzima. Kumbuka tu kwamba "-ni" yetu ni pana. Sahani ikiwa mezani ni "on the table", watoto wakiwa mezani wanakula ni "at the table". Siku huenda na "on", asubuhi na "in", usiku na "at".

Halafu kuna misafara ya watu watatu, kitenzi, nomino na kihusishi, ambayo usiivunje: "take part in", "take responsibility for", "take advantage of", "put pressure on", "have an effect on". Ukiandika "take responsibility" peke yake daftarini umenunua samaki bila kichwa, na muuzaji hatakuongezea kesho.

Ukibaki na shaka, weka maneno yako ndani ya alama za kunukuu kwenye mtandao uone nani anayatumia. Usidanganyike na wingi wa matokeo. "Discuss about" ina waandishi wengi tu, na baadhi ni sisi. Tazama imetoka wapi: gazeti linalohaririwa, hati ya chuo kikuu, au maoni ya mpita njia. Na fikiria msomaji wako. Ndani ya ofisi nyingi za Nairobi au Dar es Salaam "I request for your assistance" itapita bila mtu kuinua jicho, nami simcheki anayeiandika kwa mwenzake. Barua inayokwenda kwa mtu anayekupima kwa Kiingereza chako ni jambo jingine.

Mwisho shuka kwenye sentensi ya chini kabisa, ile ambayo kila mtu huiandika akiwa ameshachoka: "I look forward to hear from you". Hiyo "to" ni kihusishi. Ijaribu kwa nomino: "I look forward to your reply". Imekubali, basi kitenzi kinachoifuata lazima kivae "-ing". Ukishaona "hearing" imekaa hapo, weka jina lako chini uitume.