Somo: Jinsi mfungwa aliyehukumiwa nchini Marekani anavyoomba kipimo cha DNA

Swali hili limeulizwa mno, hivyo naliandikia jibu moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Soma sheria ya jimbo lililomhukumu. Majimbo yote 50 yanayo, kwa masharti tofauti. Kesi za shirikisho hufuata sheria ya mwaka 2004.

2. Pata mwenendo wa kesi na ripoti zote za maabara.

3. Tafuta kielelezo chenyewe. Hapa ndipo maombi mengi hufia. Kabla ya yote, iombe mahakama izuie vielelezo visiteketezwe. Jibu la "hakipo" linalotolewa kwa simu lisikutoshe: dai liandikwe, kisha waulize polisi, karani wa mahakama, maabara na hospitali, kwa kuwa shati lililopotea stoo ya polisi huenda kipande chake kingali katika jalada la maabara. Kagua kumbukumbu za makabidhiano, uone nani alipokea nini na lini. Tena, usikubali sampuli yote imalizwe katika kipimo kimoja bila makubaliano ya maandishi.

4. Eleza namna matokeo yatakavyogusa hukumu. Kama mtuhumiwa alikubali kuwa alikuwapo na akadai kujihami, DNA haitamsaidia.

Swali: Kwani si haki ya kikatiba?
Jibu: Hapana. Katika shauri la Osborne, lililotoka Alaska, Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 2009 kwa kura 5 dhidi ya 4. Mwaka 2011, katika shauri la Skinner, iliruhusu mfungwa kuupinga utaratibu wa jimbo kwa madai ya haki za kiraia.

Swali: Naanzia wapi kutafuta nguo za ushahidi?
Jibu: Hatua ya 3. Isome.

Swali: Alitenda, ila tujaribu bahati?
Jibu: Msijaribu. Sheria ya shirikisho humtaka aape kuwa hana hatia, na akitiwa hatiani kwa kiapo cha uongo huongezewa kifungo kisichopungua miaka 3.

Swali: Unywele usio na mzizi unapimika?
Jibu: Swali zuri. Mara nyingi hupimwa DNA ya mitokondria, ambayo mtu hurithi kwa mama, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja huwa nayo sawa: inaweza kumtoa mtu katika orodha ya washukiwa, lakini peke yake haimtambulishi kwa yakini. Palipo na seli nyingi za mwanamke na chache za mwanamume, ulizia kipimo cha kromosomu Y.